Mshirika wa Nje Apewe Dirisha, Si Ufunguo wa Masijala: Namna Salama ya Kubadilishana Mafaili na Seva za Umma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi aliyewahi kufuatilia barua katika ofisi ya halmashauri anaifahamu masijala. Ni chumba chenye dirisha na kaunta, ambamo mafaili yote ya ofisi yamepangwa kwa namba. Anayeleta barua huikabidhi dirishani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa katika rejesta. Anayefuata jibu hupewa nakala yake hapo hapo dirishani. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia ndani na kupekua makabati, hata awe mkandarasi mwenye mkataba halali na ofisi hiyo, kwa sababu ndani humo kuna mafaili ya watu wengine.

Kanuni hiyo iliyozoeleka kwa miaka mingi ndiyo inayopaswa kufuatwa katika seva, yaani kompyuta kuu ambamo taasisi huhifadhi mafaili yake ya kielektroniki. Tofauti ni kwamba ukuta wa masijala unaonekana kwa macho. Seva isiyopangwa vizuri inaweza kumfungulia mgeni mmoja makabati yote, na watumishi waliopo ofisini wasitambue lolote.

Makala haya yanaeleza namna taasisi inavyoweza kumruhusu mtu wa nje kuleta au kuchukua mafaili katika seva yake bila kumpa nafasi ya kuona yasiyomhusu, na kwa nini jambo hilo, ingawa linaonekana ni la wataalamu wa TEHAMA pekee, linamgusa kila mwananchi ambaye jina lake limo katika mafaili hayo.

Kwa nini mtu wa nje anahitaji kuingia

Taasisi za umma hutoa huduma kwa kushirikiana na wengine. Chukua mfano wa mamlaka ya maji iliyoingia mkataba na kampuni ya kutuma ankara kwa ujumbe mfupi wa simu. Kila mwezi mamlaka hulazimika kuipatia kampuni faili lenye majina ya wateja, namba zao za simu, namba za mita na kiasi ambacho kila mmoja anadaiwa. Kampuni nayo hurejesha faili linaloonesha ujumbe uliowafikia wateja na ule ambao haukufika. Hali ni hiyo hiyo kwa benki inayopokea orodha ya malipo, mtafiti wa chuo kikuu aliyepewa kibali cha kutumia takwimu, na mshauri elekezi anayewasilisha michoro ya barabara ambayo ni mizito mno kutumwa kwa barua pepe.

Pale ambapo taasisi haijaandaa njia rasmi, watu hujitafutia njia zao. Faili huwekwa katika flashi na kukabidhiwa dereva. Lingine hutumwa kupitia kundi la WhatsApp au barua pepe binafsi ya mtumishi. Hatari zaidi ni pale fundi wa kampuni anapopewa nywila ya msimamizi mkuu wa seva ili kazi isikwame.

Kila moja ya njia hizo humaliza kazi ya siku hiyo na kuacha tatizo nyuma yake. Flashi iliyosahaulika ndani ya daladala haina rejesta inayoonesha nani aliiokota na alisoma nini. Faili lililotumwa katika simu hubaki katika simu hiyo hata baada ya mkataba kwisha. Nywila ya msimamizi mkuu nayo hufungua kila kabati, na taasisi haiwezi kubainisha baadaye kama aliyefungua alikuwa mtumishi wake au mtu wa nje.

Madhara ya uzembe huo hayaishii ofisini. Tapeli akiipata orodha ya ankara za maji, anaweza kumwandikia mteja ujumbe unaotaja jina lake kamili, namba ya mita yake na deni lake hadi shilingi ya mwisho, kisha akamtaka alipe kwa namba fulani kabla ya saa 10 jioni ili asikatiwe huduma. Hata mtu makini anaweza kulipa, kwa kuwa kila kitu katika ujumbe huo ni kweli isipokuwa namba ya kupokelea fedha.

Sheria zinasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda haki ya mtu ya faragha. Katika kuipa haki hiyo nguvu ya utekelezaji, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023 na ambayo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria hiyo inataka taarifa binafsi zikusanywe kwa lengo mahsusi, zisizidi kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo, zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyolazimu, na zilindwe zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Aidha, inamtambua mkusanyaji, ambaye katika mfano wetu ni mamlaka ya maji, na mchakataji, ambaye ni kampuni inayofanya kazi kwa niaba yake. Kuikabidhi kampuni kazi ya kutuma ujumbe hakuiondolei mamlaka wajibu wake kwa wateja waliotoa taarifa zao.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria hiyo inakataza pia jambo ambalo wengi hawalifahamu: kuendelea kubaki au kutumia mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Maana yake ni kwamba mzabuni aliyepewa idhini halali mwezi Januari anaweza kuwa mkosaji mwezi Julai iwapo mkataba wake umefikia ukomo naye akaendelea kuingia kwa makusudi. Hata hivyo, sheria humwadhibu aliyekosa baada ya kosa kutendeka. Kufunga mlango kabla ya hapo ni kazi ya taasisi yenyewe.

Njia ya zamani na kasoro yake

Utaratibu wa kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili ulianza mapema. Itifaki ya FTP, yaani kanuni zinazoziongoza kompyuta katika kupelekeana mafaili, ilipendekezwa mwaka 1971, wakati mtandao uliounganisha kompyuta ulikuwa wa vyuo vikuu na vituo vichache vya utafiti nchini Marekani. Toleo lake ambalo ndilo msingi wa matumizi hadi leo lilichapishwa mwaka 1985.

Kasoro ya FTP ni kuwa husafirisha jina la mtumiaji, nywila na faili lenyewe kwa maandishi ya wazi. Mtu yeyote aliye katikati ya njia, mathalani aliyeuingilia mtandao wa ofisi au wa mgahawa, anaweza kuvisoma kama mtu anavyosoma kadi ya posta isiyo na bahasha. Mwaka 2021, vivinjari vya Chrome na Firefox viliondoa uwezo wa kutumia itifaki hiyo.

Suluhisho lilitokana na tukio halisi. Mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alitengeneza itifaki ya SSH inayosimba mawasiliano yote. Kusimba ni kuyageuza maandishi kuwa mchanganyiko usiosomeka isipokuwa kwa mwenye ufunguo wake. Juu ya SSH ndipo ilipojengwa SFTP, itifaki ya kuhamisha mafaili ambayo leo inapatikana katika takriban kila seva ya Linux kupitia programu huria ya OpenSSH. Programu hiyo haina ada ya leseni, hivyo hata halmashauri yenye bajeti ndogo inaweza kuitumia ikiwa na mtaalamu anayejua kuipanga.

Ikumbukwe kuwa kusimba mawasiliano hulinda faili likiwa njiani tu. Hakumzuii mgeni aliyeingia kwa njia halali kutembea ndani ya seva na kusoma yasiyomhusu. Kwa ajili hiyo, kazi kubwa zaidi ni kujenga dirisha.

Kujenga dirisha la seva

Hatua ya kwanza ni kutenga seva ya kubadilishana mafaili iwe mbali na seva yenye hifadhidata kuu ya taasisi. Mtumishi aliyeidhinishwa huandaa faili lenye taarifa zinazohitajika tu na kuliweka katika seva hiyo ya dirishani. Kampuni ya ujumbe mfupi inahitaji jina, namba ya simu, namba ya mita na deni. Haihitaji Namba ya Utambulisho wa Taifa wala mahali mteja anapoishi, na kwa sababu hiyo visiwemo katika faili.

Hatua ya pili ni kumpa kila mtu akaunti yake. Akaunti moja inayotumiwa na mafundi watano wa kampuni moja haina maana katika uchunguzi, kwani rejesta itaonesha jina la kampuni bila kuonesha aliyechukua faili. Akaunti hiyo isiwe na uwezo wa kutoa amri ndani ya seva. Iruhusiwe kupokea na kuweka mafaili tu.

Hatua ya tatu ni kumfungia mgeni ndani ya folda yake. Tangu mwaka 2008, OpenSSH ina uwezo wa kumfanya mtumiaji wa SFTP aione folda aliyopangiwa kana kwamba ndiyo seva nzima. Akijaribu kurudi nyuma kwenda folda za juu, hakuna anachokiona, kwa kuwa kwake yeye hakuna kilicho juu ya hapo. Kampuni ya ujumbe mfupi haitaiona folda ya benki, wala haitajua kuwa ipo.

Katika hatua hii wataalamu wengi hukwama mahali pamoja. OpenSSH hukataa kumwingiza mgeni endapo folda aliyofungiwa, au folda yoyote iliyo juu yake, inaweza kubadilishwa na mtu mwingine asiye msimamizi mkuu. Mtaalamu asiyefahamu sababu huona usumbufu na kuamua kuondoa kizuizi chote. Sababu yenyewe ni ya msingi: mgeni akiweza kubadilisha sakafu ya chumba alichofungiwa, anaweza kupanga humo mafaili ya kuuhadaa mfumo na kujipatia njia ya kutoka. Jawabu ni kuiacha folda kuu mikononi mwa msimamizi, kisha kutengeneza ndani yake folda mbili ndogo. Moja ni ya kuchukulia, ambayo mgeni husoma bila kubadilisha. Ya pili ni ya kuletea, ambamo anaweza kuweka mafaili yake.

Hatua ya nne ni kuachana na nywila na kutumia jozi ya funguo. Mgeni hutengeneza katika kompyuta yake funguo mbili zinazokwenda pamoja. Ule wa siri hubaki kwake, na ule wa umma huupeleka kwa taasisi ili uwekwe katika seva. Ufunguo wa umma ni kama kitasa: anayekiona kitasa hawezi kukifungua kwa kukitazama. Kwa njia hii, seva haina nywila ya mgeni ya kubahatishwa wala kuibwa. Vilevile, taasisi inaweza kuiagiza seva ikubali mawasiliano kutoka anwani za mtandao za kampuni husika pekee.

Hatua ya tano ni kuziba njia ya pembeni. SSH, kwa mpangilio wake wa kawaida, humruhusu mtumiaji kupitisha mawasiliano mengine ndani ya njia ile ile iliyosimbwa. Hii ina maana kwamba mgeni aliyefungiwa katika folda yake, asiyeweza kutoa hata amri moja, bado anaweza kuitumia seva kama daraja la kuzifikia kompyuta nyingine zilizo nyuma yake, ikiwemo hifadhidata iliyodhaniwa kuwa imefichwa. Uwezo huo huzimwa kwa mstari mmoja katika faili la mpangilio. Kufungia folda bila kuuzima ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Hatua ya sita ni rejesta. Seva inapaswa kuandika ni akaunti ipi iliingia, saa ngapi, ikichukua au kuleta faili gani, na kumbukumbu hizo zihifadhiwe mahali ambapo mgeni hawezi kuzifuta. Rejesta isiyosomwa haina faida, hivyo awepo mtumishi aliyepewa jukumu la kuipitia. Kampuni ambayo huchukua faili moja kila tarehe 5 ya mwezi inapoonekana kuingia saa 8 usiku wa Jumapili, inafaa iulizwe kulikoni.

Fundisho la mwaka 2023

Yupo anayeweza kudhani kwamba kununua mfumo wa gharama kubwa kunatosha kuondoa wasiwasi. Tukio la MOVEit Transfer linaonesha vinginevyo. Programu hiyo ya kampuni ya Progress Software ya Marekani ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuhamisha mafaili kwa usalama kati ya taasisi na washirika wake, na ilitumiwa na mashirika makubwa katika nchi nyingi.

Tarehe 31 Mei, 2023, kampuni hiyo ilitangaza kuwepo kwa kasoro katika programu na kutoa marekebisho. Wakati tangazo linatolewa, kundi la wahalifu wa mtandaoni liitwalo Clop lilikuwa limekwishaanza kuitumia kasoro hiyo siku kadhaa kabla. Taasisi zilizoathirika ulimwenguni zilizidi 2,000. Nchini Uingereza, taarifa za wafanyakazi wa BBC, British Airways na Boots ziliangukia mikononi mwa wahalifu hao, ingawa waajiri wenyewe hawakuvamiwa moja kwa moja. Zilipatikana kupitia Zellis, kampuni iliyoshughulikia mishahara yao na iliyokuwa ikiitumia programu hiyo.

Kufanya marekebisho ya programu mara yanapotolewa ni lazima, lakini katika tukio hilo hata aliyewahi siku ile ile angeweza kuwa amechelewa. Kilichoamua ukubwa wa hasara ni kiasi cha mafaili yaliyokutwa katika seva. Seva ya dirishani ni mahali pa kupitishia. Faili likishachukuliwa na kuthibitishwa kuwa limefika, lifutwe, na mfumo upangwe kufuta wenyewe kila kilichopitisha siku zilizokubaliwa. Mvamizi anayeingia na kukuta orodha ya mwezi mmoja amepata kidogo kuliko anayekuta orodha za miaka mitano. Kwa mafaili nyeti, lenyewe faili lisimbwe kabla ya kuwekwa, ili hata atakayelifikia asiweze kulisoma bila ufunguo wa mpokeaji.

Wajibu wa mzabuni

Kampuni na watu binafsi wanaofanya kazi na Serikali nao wana sehemu yao. Anayeombwa ufunguo atume ule wa umma tu. Akiombwa ufunguo wa siri na mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni afisa TEHAMA wa taasisi, akatae na kutoa taarifa. Fundi anapoacha kazi, kampuni iijulishe taasisi siku hiyo hiyo ili ufunguo wake uondolewe.

Halikadhalika, mara ya kwanza mzabuni anapounganishwa na seva, kompyuta yake humwonesha alama ya utambulisho ya seva hiyo, ambayo ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na kumuuliza kama anaikubali. Wengi hukubali bila kusoma. Utaratibu sahihi ni kumpigia simu afisa aliyetajwa katika mkataba na kulinganisha alama hiyo herufi kwa herufi, ili mzabuni ajiridhishe kuwa anakabidhi mafaili kwa seva ya taasisi na si kwa mashine ya mtu aliyejiweka katikati. Baadaye, iwapo kompyuta itamwonya kuwa alama imebadilika, asimamishe kazi na kuuliza kwanza.

Siku mkataba unapokwisha

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kufanyika kwa ukamilifu, kisha yakaharibiwa na jambo dogo: akaunti iliyosahauliwa. Mradi umekamilika, malipo ya mwisho yametolewa, watu wamepeana mikono, na ufunguo wa mtu wa nje umebaki ndani ya seva. Hakuna anayeuona kwa kuwa hakuna anayeutumia, hadi siku utakapotumiwa na asiyestahili.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya ukomo wa akaunti inapaswa kuwekwa siku akaunti inapofunguliwa, na iwe ile ile iliyo katika mkataba. Mkataba ukiongezwa muda, akaunti nayo iongezwe kwa maandishi. Kila robo mwaka, afisa TEHAMA pamoja na mkaguzi wa ndani wapitie orodha ya watu wa nje wenye idhini na kuuliza maswali matatu kwa kila jina: huyu ni nani, kazi yake bado ipo, na nani alimwidhinisha. Jina lisilo na majibu lifungwe siku hiyo.

Mwananchi anayehisi taarifa zake zimetumika kinyume cha utaratibu anayo haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha, anayepokea ujumbe wa kudaiwa fedha, hata kama umetaja jina na deni lake kwa usahihi, athibitishe kwanza kwa kutumia namba za mawasiliano rasmi za taasisi husika kabla ya kulipa.

Mteja aliyefika kuomba kuunganishiwa maji alitaja jina na namba yake ya simu mbele ya mtumishi mmoja, katika ofisi moja, kwa shida moja. Popote taarifa hizo zitakapopelekwa baada ya hapo, iwe kwa kampuni ya ujumbe, benki au mtafiti, zinakwenda kwa dhamana ya ofisi ile aliyoiamini.